Mgeni wa Msimu: Habari za Wachongaji wa Handeni na Korogwe

Wanachama wenzetu, katika mkutano wa tawi uliopita palizuka neno ambalo hatukulimaliza, na kwa kuwa mkutano ujao utalirudia, twaona yafaa tuliandike hapa ili kila mtu aje akiwa amekwisha kulipima.

Kijana mmoja mchoraji, mzaliwa wa mjini, alileta barua. Aliomba yeye na wenzake watatu, mmoja wao mgeni kutoka ng'ambo, wapewe nafasi ya kukaa miezi miwili katika moja ya nyumba zetu za wachumaji, wakati ambapo hakuna uchumaji na nyumba ni tupu. Hawakuomba mshahara. Waliomba chumba, maji, na ruhusa ya kupita mashambani ili wachore na kuchonga huku wakiishi ndani ya mikarafuu. Barua iliposomwa ukumbi ulinyamaza kidogo. Kisha mzee mmoja akauliza: huyu akishapata picha yake, sisi tutapata nini? Baadhi ya vijana walicheka, lakini swali lile si la kuchekwa. Mwanachama mwingine akasema paa la nyumba ile linavuja, na chama kiliezeke kwanza ndipo kikaribishe wapaka rangi. Hilo nalo ni neno la haki, na tutalirudia.

Kwanza tueleze jambo lenyewe. Siku hizi katika nchi nyingi iko desturi ya kumpa fundi wa sanaa mahali pa kukaa kwa muda, wiki chache au miezi kadhaa, mbali na kwao. Hapewi kazi ya kuamriwa. Hupewa chumba, meza na wakati, akaishi na watu wa mahali pale, naye akafanya kazi yake kwa kuyaona ya pale. Huko Dar es Salaam kituo cha Nafasi Art Space, kilichoanzishwa mwaka 2008 katika mtaa wa Mikocheni, hupokea wageni wa namna hiyo pamoja na mafundi wa Tanzania. Na wako wanaochagua makusudi mashamba na misitu badala ya miji, kwa kusema kwamba mtu aliyelelewa ghorofani, na mtu aliyetoka nchi ya barafu, na mtoto wa mkulima ambaye ameuchoka mti wa baba yake, wote wakiwekwa mahali pamoja na kazi mikononi, huanza kuitazama ardhi kwa macho mapya.

Maneno hayo ni mazuri, ila maneno mazuri tumeyasikia mengi. Sisi tulipenda kumjibu yule mzee kwa mfano wa jirani, wala si wa Ulaya. Mfano huo uko bara, ng'ambo tu ya bahari yetu, katika wilaya za Korogwe na Handeni, na ni wa miaka mingi kabla ya mtu yeyote kuipa desturi hii jina.

Mtu akivuka kwenda Tanga, akashika njia ya Muheza, hufika Segera ambako barabara yagawanyika. Moja huenda kusini kuelekea Chalinze na Dar es Salaam, nyingine huelekea kaskazini ikafika Korogwe, ikapita Mombo na kuendelea Moshi. Korogwe iko kando ya mto Pangani, na milima ya Usambara imeinama juu yake. Milimani ni Wasambaa, uwandani ni Wazigua, na kuelekea Muheza ni Wabondei. Handeni iko kusini zaidi, nchi kavu ya Wazigua, yenye vichaka na misitu ya miombo, mahindi yake yakitegemea mvua ambayo haina ahadi. Hapana mkarafuu huko chini. Ila katika Usambara ya Mashariki, kwenye ubaridi na ukungu, wako wakulima wenye karafuu, hiliki, mdalasini na pilipili manga, nasi tulipozinusa karafuu zimeanikwa kule tulihisi tumekutana na ndugu ugenini.

Mmea uliotawala uwanda wa Korogwe ni mkonge. Nao, kama mkarafuu wetu, ni mgeni. Mwaka 1893 Dakta Richard Hindorf, Mjerumani, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida huko Marekani. Ilipofika Tanga baada ya safari ndefu ya kupitia Hamburg ilisalia hai 62 tu. Kutokana na hiyo 62 yakatoka mashamba ambayo mwaka 1964 yalitoa zaidi ya tani 230,000 za katani. Sisi ambao mbegu zetu zilitoka Maluku zikapitia visiwa vya Wafaransa hatuna la kushangaa. Mti wa kigeni ukipata udongo huwa mwenyeji.

Mkonge ulitaka watu, na watu wa pale hawakutosha, wala wengi wao hawakutaka. Basi waliletwa wengine kutoka mbali. Tangu mwaka 1944 ilikuwako ofisi maalum ya kuandika vibarua, iliyojulikana kwa jina la SILABU, na wale walioandikwa kwa kandarasi waliitwa manamba, maana kila mmoja alikuwa na nambari. Walikuja Waha na Warundi, Wabena na Wanyakyusa, Wangoni, na Wamakonde waliovuka mto Ruvuma kutoka Msumbiji wakikimbia kazi za kulazimishwa za Wareno. Kambi moja ya mkonge ilikuwa na lugha kumi, na Kiswahili ndicho kilichowaunganisha. Kazi yenyewe ilikuwa ya kuumiza. Majani yalikatwa na kufungwa mafungu ya thelathini thelathini, kila jani na mwiba wake nchani, na kipande kilijazwa siku kwa siku. Hatusemi kwamba kambi ile ilikuwa nyumba ya sanaa. Mtu hakukaribishwa pale ili atazame mawingu.

Walakini jambo moja lilitokea ambalo hakuna meneja aliyelipanga. Aliyemaliza sehemu yake mapema alibaki na jioni yake. Na miongoni mwa Wamakonde wamo watu ambao jioni yao haikai bure pakiwa na tezo na kipande cha mti. Wakachonga. Walichonga barazani mwa vyumba vya kambi, watu wa makabila mengine wakikaa kuwatazama, na vitu vile vikauzwa kwa waliopita njia na kwa Wazungu wa mashamba.

Tufahamu vizuri kilichobadilika hapo. Kwao, katika nyanda za juu za Mueda, kinyago cha mapiko kinachovaliwa katika ngoma huchongwa kwa mti mwepesi, kwa kuwa mchezaji atakibeba kichwani usiku kucha. Lakini mnunuzi wa barabarani alitaka kitu kizito, cheusi, kinachong'aa, nao mti wa namna hiyo ni mpingo. Basi mchongaji aliyekuja kukata mkonge akawa hana budi kuutafuta mpingo katika nchi isiyokuwa yake.

Na Handeni mpingo upo. Wanachama wasioujua twawaeleza: si mti wa kupendeza kwa mbali. Ni mfupi, umepinda, una miba, na mara nyingi umegawanyika tangu chini ukawa mashina mengi. Ukiupita hutaugeuzia shingo. Ubao wake wa nje ni mweupe, bali moyo wake ni mweusi kama kaa, na ukiutia majini huzama. Hukua polepole mno. Mpingo wa kufaa kupasuliwa aghalabu una miaka sabini au zaidi, yaani aliyeupanda hauvuni, na pengine hata mwanawe. Sisi tunaolalamika kwamba mkarafuu hutukawiza miaka saba au minane tungekaa kimya mbele ya mwenye mpingo.

Tulipokuwa Korogwe tulimkuta mzee mmoja wa Kimakonde aliyestaafu kazi ya mkonge, naye jina lake hakupenda liandikwe. Tulimwamkia, akatuitikia marahaba na kutuwekea kigoda. Alitueleza kwamba alipofika hakujua mpingo wa pale unasimama wapi, kwa sababu alikuwa mgeni wa nchi. Aliyemwonyesha ni jirani yake Mzigua, mrina asali, ambaye aliijua miti ya porini mmoja mmoja kama mtu anavyojua nyumba za mtaa wake. Huyo alimfundisha kuugonga mti kwa kisogo cha shoka kabla ya kuukata, kwa kuwa mpingo mkongwe mara nyingi una pango ndani, na sauti yake huonya. Alimfundisha pia ipi isiguswe, maana yako makaburi na mahali pa matambiko. Naye kwa upande wake alimfundisha mtoto wa yule jirani kushika tezo. Mtoto hakuwa mchongaji, alituambia akicheka, ila mpini wa jembe aliouchonga ulikuwa mzuri kuliko wa duka.

Tuliporudi tulizungumza sana juu ya habari hiyo ndogo. Mrina asali aliutazama mpingo miaka yote kama mti wa nyuki na wa kuni. Mchongaji aliuona kama umbo lililofichwa. Walipokwenda porini pamoja kila mmoja aliona mara mbili. Jambo hili haliwezi kufanyika kwa mgeni kukaa juma moja hotelini, akapigwa picha na mti, akaenda zake. Lilitokea kwa sababu walikuwa majirani, walishiriki jasho la kazi moja, na kila mmoja alikuwa na kitu ambacho mwenziwe alikihitaji.

Wala si mchongaji peke yake aliyepita huko. Edward Saidi Tingatinga, ambaye jina lake leo limekuwa jina la namna nzima ya kuchora, alizaliwa Tunduru, na katika miaka ya 1950 alikwenda Tanga kutafuta kazi katika mkonge kama vijana wengi wa kusini. Mwaka 1959 akahamia Dar es Salaam. Mwaka 1968 akaanza kuchora kwa rangi ya baiskeli juu ya vipande vya hadibodi, ndege na chui na tembo, akiuza barabarani huko Oysterbay. Alikufa mwaka 1972, akiwa amechora miaka minne tu. Hatuwezi kusema mkonge ulimfundisha kuchora. Twasema tu kwamba ule wakati wa kwenda na kukaa mahali pa wageni umo katika maisha ya mafundi wengi mno wa nchi hii hata usionekane kuwa bahati.

Na kabla ya mkonge, Wazigua, Wanguu na Wasambaa wenyewe walikuwa na namna yao. Wakati wa jando na unyago vijana walitengwa na kijiji, wakakaa na wakufunzi wao, na somo likafundishwa kwa sanamu ndogo za udongo: mnyama, chombo, mtu mwenye tabia fulani, kila moja na wimbo wake na maana yake. Hans Cory, Mwaustria aliyekuwa mtaalamu wa mila katika serikali ya Tanganyika, alizikusanya na kuziandikia kitabu, African Figurines, kilichotoka London mwaka 1956. Aghalabu sanamu zile hazikukusudiwa kudumu. Somo likiisha, udongo hurudi kuwa udongo. Twakumbusha hili ili mtu asidhani kwamba kuwatenga watu, kuwapa mkufunzi na kuwafundisha kwa kazi ya mikono ni hekima iliyoletwa na meli.

Sasa tufike kwenye upande mchungu, kwa maana yule mzee wa mkutano wetu hakuuliza juu ya furaha, aliuliza juu ya faida.

Sanamu za mpingo ziliondoka. Wachongaji walihamia Dar es Salaam kufuata wanunuzi. Huko mwishoni mwa miaka ya 1950 Samaki Likankoa alianza kuchonga mashetani ambayo hayakufanana na kitu kilichowahi kuonekana, na biashara ikapanuka hata vinyago vya Kimakonde vikajulikana dunia nzima. Mpingo ukafuata njia ile ile ya kutoka, magogo kwa wachongaji na magogo kwa viwanda vya Ulaya vya klarineti na zumari nyinginezo. Sehemu kubwa ya gogo huharibika, kwa kuwa kiwanda chataka kipande kisicho na ufa wala doa. Kijiji kilikosimama mti kilipata fedha kidogo au hakikupata kabisa. Tangu mwaka 1997 au 2007 mtu angeweza kutaja misitu hii na ile iliyowekewa hifadhi milimani, Amani na Nilo, lakini mpingo si mti wa milima yenye ukungu, ni mti wa pori kavu, na pori kavu halina watetezi wengi. Mwaka 2017 biashara ya jamii yote ya miti hiyo iliwekwa chini ya masharti ya mapatano ya kimataifa, kwa sababu hofu ya kuisha kwake ilikuwa imekwisha kuwa kubwa.

Mkonge nao ulianguka. Kamba za plastiki zilipokuja bei ilishuka, mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967, na kufikia mwisho wa miaka ya 1990 nchi nzima ilikuwa ikitoa kiasi cha tani 20,000 tu. Kambi zikabaki na watu waliozaliwa mle, wasio na shamba kwao wala huku. Hilo si kosa la sanaa. Ila tusiifunike kwa vinyago vizuri.

Hapo juu ya Korogwe, upande wa Muheza wa milima ile ile, iko Amani, nayo yatufundisha jambo la pili. Wajerumani walifungua kituo chao cha elimu ya mimea na kilimo mwaka 1902, wakapanda miti ya nchi zote za joto. Waingereza wakakifuata, na baada ya kilimo kuhamishiwa Kenya ikaja utafiti wa malaria. Mabwana wote hao walikusanya. Mtaalamu wa mimea Karl Braun, aliyekuwa Amani tangu mwaka 1904 hata 1920, alikusanya pia vyombo na vifaa vya watu wa pale, navyo leo vimo katika mji wa Stade huko Ujerumani. Kuna na lile ua dogo la zambarau, ambalo Walter von Saint Paul-Illaire, mkuu wa Tanga wakati huo, alilikuta mwaka 1892 na kulipeleka kwao. Mwaka uliofuata likapewa jina lake, Saintpaulia. Leo limo katika vyungu vya madirishani katika nchi ambazo hazijasikia habari za Usambara, na huko liliko asili yake huota katika miamba yenye kivuli ambayo kila mwaka yapungua.

Katika miaka yetu hii mafundi wa sanaa wamekwenda Amani pamoja na wanahistoria, kutazama kilichosalia cha kituo kile. Mmoja wao ni Evgenia Arbugaeva, mpiga picha aliyezaliwa Tiksi, mji wa Urusi ulio kando ya bahari ya barafu. Mwingine ni Mariele Neudecker, mzaliwa wa Ujerumani anayefanya kazi Uingereza. Kazi zao zimo katika kitabu Traces of the Future kilichotolewa mwaka 2016. Tumeziona baadhi ya picha za Arbugaeva. Tulidhani mtu wa barafu angepiga picha ya msitu tu, kama wafanyavyo watalii. Kumbe alikaa na watu waliofanya kazi maabarani enzi hizo, akapiga vyumba vyenye chupa na vitabu, na ukungu ukiingia dirishani, hata mtazamaji haoni tena mpaka kati ya msitu na mtu aliyezeekea ndani yake. Twakiri picha zile zilitugusa. Hata hivyo yule mzee wetu angeuliza, na angekuwa na haki: picha hizo zimetundikwa wapi, na mtu wa Amani huzionaje?

Kwa upande mwingine iko habari ambayo yatupa moyo. Fundi mmoja wa kukereza mbao wa Texas, James Harris, aliyeupenda mpingo kwa kuufanyia kazi, aliona filamu juu ya mti huo na juu ya Sebastian Chuwa, mtaalamu wa mimea wa Kilimanjaro. Akamwandikia. Mwaka 1996 wawili hao walianzisha mradi wa kupanda mipingo, na Chuwa, mpaka alipofariki mwaka 2014, alipanda na kugawa miche kwa mamia ya maelfu, akiwafundisha watoto wa skuli na vikundi vya akina mama. Na huko Kilwa, mwaka 2009, vijiji vilivyolinda misitu yao vilipata hati ya kimataifa ya uvunaji bora, vikaanza kuuza mpingo wao wenyewe kwa bei ya haki. Katika habari hizo mbili mwenye kupenda ubao alirudi kwenye mti. Ndilo lililokosekana Handeni wakati wa manamba, kwa kuwa hakuna aliyepanga mtu arudi.

Basi sisi twamjibu mzee namna hii. Kumkaribisha fundi wa sanaa shambani kwaweza kutuletea kitu, na kwaweza kutuondolea kitu, na tofauti ni masharti. Hatukubaliani na wale waliosema barua ile itupwe. Vijana wetu wenyewe hawaujui mkarafuu ila kama deni la baba. Mtoto anaombwa apande mti, anashuka na kikapu, anachambua makonyo usiku huku anasinzia, na siku ya kwanza atakayopata nauli anakwenda mjini. Huyo hajapata kuambiwa na mtu kwamba ngozi ya mkarafuu mkongwe yafaa kutazamwa. Sisi wazazi hatumwambii, tunamwambia asivunje matawi. Akimwona mtu mwingine, mtu mzima, ameacha mji ili akae siku nzima mbele ya mti uleule anaouchukia, huenda akauliza kwa nini. Hatuahidi. Twasema huenda.

Lakini hatukubaliani pia na barua kama ilivyoandikwa. Vijana wale wameomba waje wakati nyumba ni tupu. Ni adabu njema, hawakutaka kutusumbua. Ila kwa yale tuliyoyaona Korogwe hilo ndilo lingeharibu kazi. Shamba la mikarafuu lisilo na wachumaji ni miti na mbu. Waje katika msimu. Msimu wetu ndio kambi yetu: Wapemba na watu wa Unguja, vibarua kutoka bara, wajukuu wa Wamakonde na Wanyamwezi waliokuja visiwani zamani wakabaki, wanawake wa vijiji jirani na watoto wao. Wachume asubuhi kama wengine na walipwe kwa pishi kama wengine, hata wakichuma pishi mbili tu na kuchekwa. Jioni ndiyo iwe yao. Wakae barazani wachonge na kuchora mahali ambapo watu wanachambua, na anayetaka kushika kalamu au patasi apewe.

Yule mgeni wa ng'ambo aje, ila aje na mwenyeji wa kumwongoza, mtu mzima wa kijiji, alipwe kwa kazi hiyo, kama ambavyo mrina asali alistahili kulipwa na hakulipwa. Hapana mti hai utakaokatwa kwa ajili ya kuchonga. Mikarafuu iliyokufa ipo ya kutosha, masikitiko ni mengi, na ubao wake mgumu haujapata kujaribiwa na fundi wa maana katika tawi letu. Waujaribu huo. Na katika kila kazi wanayoifanya, moja ibaki. Si picha ya picha, kazi yenyewe, itundikwe katika ukumbi wa tawi au skuli ya karibu, na majina ya waliosaidia yaandikwe chini yake. Wakiuza nyingine huko waendako, fungu lirudi, na fungu hilo litie miche katika kitalu.

Kuhusu paa, mwanachama aliyelitaja yuko sawa na hatuna hila ya kumpinga. Nyumba inavuja upande wa magharibi, na wachumaji walilala wakikunja mikeka msimu uliopita, jambo ambalo latuaibisha kuliko barua yoyote. Tumepata hesabu ya mabati na misumari, nayo itawekwa mezani. Rai yetu ni kwamba paa liezekwe kwa ajili ya wachumaji, kabla ya msimu, wachoraji waje au wasije. Wakija, watalala chini ya paa lile lile.

Lipo bado neno moja ambalo hatukuafikiana hata sisi wenyewe tunaoandika. Mmoja wetu anaona wageni wanne ni wengi kwa mwaka wa kwanza, na kwamba tuanze na wawili, kijana wa mjini na mwenziwe mmoja. Mwingine anasema yule wa ng'ambo ndiye hasa atakayewafanya watoto wetu waulize. Hili twaliacha kwa mkutano.

Mwanachama mwenye nafasi ya kumlaza mtu mmoja nyumbani kwake wakati wa msimu, na mwenye mikarafuu iliyokufa ambayo yuko radhi ipasuliwe, ampe katibu wa tawi jina lake kabla ya siku ya mkutano. Barua ya vijana imebandikwa ukumbini, penye ubao wa bei, asiyeisoma aisome.